Kizibao cha Pande Mbili

Kuna watu wamezaliwa kutembea na kuna watu wamezaliwa kukaa. Fundi Mkasi alizaliwa kukaa, tena kwa daraja la kwanza. Alikaa nyuma ya cherehani yake tangu suruali zilipokuwa pana kama mapazia. Zikaja zikabana mpaka watu wakawa wanazivaa wamelala chali, zikapanuka tena, na yeye yupo palepale, juu ya kigoda kilekile, kimebonyea katikati kikachukua umbo la mwenyewe. Mtu mwingine akikikalia, alijihisi ameingia kwenye suruali ya mwenzake.

Na jina la Mkasi msidhani alilipata kwa ajili ya kazi. Mafundi wote wana mikasi. Yeye alipewa kwa ajili ya mdomo. Akija bwana mwenye tumbo na kipande cha kitambaa, Mkasi alikipima kwa macho tu, akauliza, "Hiki kinatosha suti ya mtu mmoja. Nyinyi mko wangapi humo ndani?" Akipita mtu barabarani amevaa sweta nje ndani, hapo ndipo fundi aliposhiba. "Bwana wee, simama! Nguo yako inaingia na wewe unatoka, mkikutana salimianeni!" Aliamini kabisa kwamba mtu asiyejua nguo yake ina upande gani hafai kuachiwa hata kuku wa kuchunga. Yashikeni maneno hayo, tutayahitaji.

Sasa bingwa huyu wa kukaa ndiye aliyeletewa ugonjwa wa kumwinua kwenye kigoda. Saratani ilianzia kwenye tezi dume, kimyakimya kama mpangaji anayekwepa mwenye nyumba, na ilipokuja kujulikana ilikuwa imeshahamia kwenye mfupa wa nyonga ya kulia, upande wa mguu wake wa kukanyagia pedali. Daktari hakumzungusha. Alimwambia kuiondoa yote hatutaweza, ila moto ulio ndani ya mfupa tunaweza kuupunguza. Dawa za maumivu zipo. Halafu kuna mionzi. Unalala chini ya mashine muda mfupi tu, mfupa unapigwa palepale panapouma, na baada ya wiki kadhaa wagonjwa wengi hupata nafuu, hulala vizuri, hukaa vizuri.

Katika maneno yote hayo Mkasi alisikia moja.

"Nitakaa?"

"Tunategemea utakaa."

"Basi nipigeni hiyo mionzi hata leo."

Hakuomba kupona. Alikuwa mtu mzima, na fundi anajua kitambaa kilichobaki kinatosha nini. Aliomba akae kwenye kigoda chake, mguu kwenye pedali, mteja mbele yake wa kumchokoza. Basi.

Siku ya mionzi ilipofika, mkewe alimpeleka, na mwenye gari alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa teksi mwenye maoni juu ya kila kitu. Mkasi akaingizwa kwenye chumba chenye baridi, akalazwa juu ya kitanda chembamba, chini ya mashine yenye kichwa kikubwa kilichoinama kama jirani anayechungulia sufuria la watu. Bwana wa mashine alikuwa mpole, amevaa koti jeupe lililokosa kifungo kimoja. Mkasi alikiona kifungo hicho kabla hajauona uso wa mwenye koti.

"Mzee wangu, mimi natoka, mlango nitaufunga, nitakuona kwenye kioo. Kazi yako ni moja tu. Usitikisike."

"Unamwambia nani? Kutulia ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto."

Mlango haujafungwa vizuri, mguu ukaanza.

Nisikilizeni hapa. Hayakuwa maumivu. Maumivu alishayazoea, kama mtu anavyozoea mama mkwe aliyehamia. Hiki kilikuwa kitu kingine. Ni kama sisimizi wamepewa sherehe ndani ya mifupa, na mwili mzima unasema nyanyuka, nyanyuka, nyanyuka. Mguu ukawa unakanyaga pedali isiyokuwepo. Sauti ikatoka ukutani:

"Mzee, mguu."

"Nauona."

"Utulize."

"Uambie wewe, mimi haunisikii!"

Wakamwekea vifuko vya mchanga kuubana. Mguu ukatulia, likaanza bega. Bega likashikwa, zikaanza taya, akawa anatafuna hewa. Bwana wa mashine akajaribu, akangoja, akajaribu tena, mwishowe akamkalisha, na hata kukaa hapo kitandani Mkasi hakuweza. Akasimama, akawa anakwenda ukutani na kurudi, jasho linamtoka katika baridi ile.

"Mzee wangu, mwali huu ukipiga pembeni utachoma usipotakiwa. Siwezi. Njoo wiki ijayo. Ila nikwambie ukweli, foleni ni ndefu. Ukishindwa na wiki ijayo, sijui nafasi nyingine utaipata lini."

Njiani kurudi, gari halijafika mbali, Mkasi akapiga dirisha. "Simamisha." Akashuka, akashika fimbo yake, akaanza kutembea kando ya barabara. Teksi ikawa inamfuata polepole, taa za pembeni zinawaka, kama msafara wa bwana harusi aliyegombana na bibi harusi. Alipochoka na nyonga kuanza kumng'ata akapanda; alipopanda, sisimizi wakaanza; akashuka tena.

"Shemeji," dereva akasema kupitia dirishani, "usiniambie sikukuambia. Ni ile mofini. Ile ni dawa ya watu wanaofungiwa mizigo ya safari ya mwisho. Jirani yangu alipewa, akaanza kuongea na kabati."

"Kaka," mke wa Mkasi akasema kutoka kiti cha nyuma, "huyo jirani yako alikuwa anaongea na kabati hata kabla hajaugua."

"Lakini kabati lilikuwa halimjibu. Baada ya mofini likaanza kumjibu."

Mkasi hakucheka. Neno lilikuwa limeshapenya, na likishapenya kwenye sikio la mtu mwenye hofu, kulitoa ni kama kutoa maji kwenye sponji kwa sindano.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo, maana nyumba huanza kwenye msingi, na kiburi vilevile.

Alipoanza dawa, muuguzi wa wagonjwa wa saratani alikuwa anamtembelea nyumbani kila wiki. Wao walimwita sista tu. Mwanamke mfupi, hacheki ovyo, lakini akicheka mnajua mmecheka wote. Ndiye aliyemweleza kwamba maumivu ya namna hii hayashikwi na dawa moja, yanashikwa na dawa kadhaa zinazosaidiana. Kuna kidonge kikubwa cha mofini cha asubuhi na jioni, kinachofanya kazi taratibu. Hicho hakirukwi, uumie usiumie. Kuna panado ya kukisaidia. Kuna kidogo cha kulalia, cha mishipa, ambacho kilimkausha mdomo mpaka ulimi ukawa kama kiraka cha jinzi. Na kuna maji ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo kama mlango wa benki.

"Sista, na hilo la choo utakuwa unaniuliza kila wiki?"

"Kila wiki."

"Mbele ya mke wangu?"

"Mkeo ndiye atakayenipigia simu ukinidanganya."

Halafu vilibaki vidonge viwili vidogo, vyote vyeupe, vyote vya duara, vya kula inapohitajika tu. Kimoja ni mofini ya haraka, maumivu yakimpasukia kabla ya kidonge kikubwa kingine. Kingine cha kichefuchefu, maana mwanzoni mofini huchafua tumbo. Sista akakazia macho hapo. "Hiki cha kichefuchefu usivuke vitatu kwa siku. Na vyote viache kwenye pakiti zake."

"Sista," Mkasi akasema, kifua mbele, "mimi nimeishi na vifungo vya kila aina kwenye kopo moja. Hujasikia mtu amelalamika kashonewa cha shati kwenye koti."

Sista alipoondoka tu, bwana mkubwa akashona kizibao.

Na kilikuwa kizibao, tusimnyime haki yake! Nje kijivu cha heshima. Ndani, badala ya bitana ya kawaida, aliweka kitambaa cha mistari ya buluu, masalio ya suti ya mheshimiwa fulani, akakimaliza vizuri hivi kwamba ukikigeuza unapata kizibao kingine kabisa. Kizibao cha pande mbili. Mifuko miwili midogo, kila mmoja umetobolewa midomo nje na ndani, hivyo hata ukikigeuza mfuko unafikika. Mfuko wa dawa ya maumivu aliutia uzi mwekundu mdomoni, wa kichefuchefu uzi mweupe. Mkewe kila asubuhi anavitoa vidonge kwenye pakiti, anajaza kwa kufuata uzi. Mkasi mwenyewe uzi hakuuangalia. Mkono wa fundi hauangalii. Chaki iko kulia, pini ziko kushoto, mkono unakwenda wenyewe huku macho yako kwenye mshono. Basi na dawa vilevile. Mkono wa kulia ulishajua kwamba maumivu yakija unaingia mfuko wa kulia.

Na ilikwenda sawasawa. Wiki za mwanzo alikula kidonge cha haraka, akangoja kidogo, akakaa, akashona hata nusu siku. Watu wakasema Mkasi karudi.

Ikaja Jumapili moja, yule mheshimiwa wa suti ya mistari akaja kumjulia hali. Mkasi akaona si adabu kumpokea na kijivu. Akakigeuza kizibao, mistari ikaja nje. Mheshimiwa akasifia, majirani wakasifia, shemeji akaomba ashonewe cha kwake. Tangu Jumapili hiyo Mkasi hakukigeuza tena. Kilivuliwa chenye mistari na kuvaliwa chenye mistari.

Naona wengine mmeshaanza kutabasamu. Tulieni. Nyinyi mmekaa mnasoma. Yeye alikuwa anazunguka meza.

Maana wiki ile baada ya mashine kumshinda, nyumba haikuwa na raha. Mkasi alizunguka meza ya chakula mpaka mkewe akaisogeza ukutani, akaanza kuzunguka uwani. Aliletewa sahani, akala amesimama, akihamisha uzito mguu huu na huu kama mtu aliyebanwa na haja. Alikaa kwenye kigoda, akainuka. Akakaa, akainuka. Jambo moja tu lilimpa ahueni, kukanyaga pedali. Basi akawa anasimama kando ya cherehani, mguu wa kushoto kwenye pedali, anakanyaga bila sindano, bila uzi, bila kitambaa, gurudumu linazunguka linasema tatatata kwa ajili ya upepo. Akajaribu kazi kidogo, akashona pindo la suruali ya mteja, akashona na mdomo wenyewe. Mwenye suruali akabaki na gunia la miguu.

"Baba watoto, kaa basi hata kidogo," mkewe akasema.

"Ningeweza kukaa ningekuwa nimesimama?"

"Naona unazunguka mpaka mimi nasikia kizunguzungu."

Akasimama mbele yake. Mguu unaendelea, lakini uso umetulia, na mzaha umeondoka. "Mama watoto, mimi kufa siogopi. Naogopa kufa nimesimama."

Mama watoto akageukia dirisha, akawa anakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Kitu asichokijua ni kwamba mumewe alikuwa ameshakata shauri. Lile neno la shemeji lilikuwa limeota. Kidonge kikubwa cha asubuhi na jioni alikuwa anakipokea, anakunywa maji, anafuta mdomo, halafu anakwenda kukitema kwenye kopo la vifungo. Mofini ndiyo inayonitia wazimu, alijiambia. Nikiiacha, siku ya mashine nitatulia kama gogo. Vile vidogo vya haraka hakuviacha, maana maumivu yakimpasukia hakuna namna. Alivihesabu ni mofini ndogo, na mofini ndogo huleta wazimu mdogo. Hesabu ya fundi!

Bila kidonge kikubwa, maumivu yakarudi na mizigo yao. Yalipouma zaidi, mkono wa kulia uliingia mfuko wa kulia mara nyingi zaidi. Mkono ulivyoingia zaidi, ndivyo sisimizi walivyoongeza ngoma. Na la ajabu, akipata kichefuchefu akila cha mfuko wa kushoto, kichefuchefu kilizidi, halafu nyonga ikapoa, halafu akasinzia amesimama ameegemea kabati la nguo. Hakujiuliza. Mtu akishapata mwizi wake hatafuti mwingine.

Mkewe ndiye aliyefungua kopo. Alikuwa anatafuta kifungo cha blauzi yake. Akaingiza vidole, akakuta vifungo vya ajabu, havina matundu.

Hakupiga kelele. Alimwendea mumewe uwani na lile kopo, akalitikisa kama mtu anayeita njiwa.

"Hivi navyo ni vya koti au vya shati?"

"Mama watoto, nisikilize..."

"Nakusikiliza. Zunguka tu, mimi nitakusikiliza ukipita."

"Ile dawa ndiyo inanitoa akili. Hata kaka yako kasema."

"Kaka yangu! Kaka yangu aliwahi kuweka maji ya betri kwenye rejeta, ndiye daktari wako leo?" Akatoa simu mfukoni. "Nampigia sista."

"Usimwambie habari za kopo."

"Habari za kopo ndiyo naanza nazo."

Sista alikuja siku hiyohiyo, ingawa haikuwa siku yake. Alimkuta Mkasi anakanyaga pedali amesimama, na shemeji amekaa kwenye kigoda, jambo ambalo katika siku nyingine lingekuwa kesi. Sista hakutoa salamu ndefu. Aliuangalia mguu, akaangalia taya zinazotafuna, akakunja uso kama mtu aliyemwona mtu anayemfahamu katikati ya umati.

"Mzee, hali hii ilianza lini?"

"Tangu mofini ilipoanza kumzoea," shemeji akajibu.

"Sijakuuliza wewe. Mzee?"

"Siku kadhaa sasa. Baada ya mgeni wangu kuja."

"Dawa unazila vipi?"

Mkasi akavuta pumzi aanze maelezo, na maelezo yake huwa na utangulizi. Sista akamkata.

"Usinieleze. Nionyeshe. Maumivu yamekupasukia sasa hivi, fanya kama unavyofanya."

"Hilo halihitaji kuigiza, yamepasuka kweli." Mkono wa kulia ukaingia mfuko wa kulia, ukatoka na kidonge, na kingekuwa kimeshafika mdomoni kama sista asingemdaka kifundo cha mkono. Akakichukua. Akakipeleka dirishani, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hii si mofini. Hii ni ya kichefuchefu."

"Haiwezekani!" mkewe akasema, mkono kifuani. "Mimi naweka mwenyewe! Uzi mwekundu maumivu, uzi mweupe kichefuchefu. Sijakosea hata siku moja!"

"Na mimi sijakosea," Mkasi akasema. "Kulia maumivu, kushoto..."

Akainamisha kichwa aangalie mdomo wa mfuko wa kulia. Uzi ulikuwa mweupe.

Akaangalia wa kushoto. Mwekundu, umekaa pale kama mtoto aliyeitwa na hajaitika.

Gurudumu la cherehani likapunguza mwendo. Mkasi akashika ukosi wa kizibao, akakivua taratibu, akakigeuza. Kijivu kikaja nje. Na ule mfuko wa uzi mwekundu, mbele ya macho yao, ukahama kutoka kushoto kwenda kulia, kama kila mfuko wa kila nguo unavyohama tangu nguo zilipoanza kugeuzwa.

"Nilikigeuza," akasema kwa sauti ndogo. "Siku ya mgeni."

Aliyeanza kucheka ni shemeji. Alicheka akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti. "Shemeji! Nguo inaingia na wewe unatoka! Mmesalimiana?"

"Cheka," Mkasi akasema. "Cheka, ni haki yako, umengoja miaka."

Sista hakucheka, bado. Alieleza huku anatafuta namba ya daktari kwenye simu. Dawa hii ya kichefuchefu ni nzuri, lakini ina tabia yake. Kwa watu wengine, hasa ikizidishwa, humtia mtu fujo mwilini, hawezi kukaa, hawezi kulala, taya zinacheza. Yeye Mkasi alikuwa anaila kila nyonga ilipomuuma. Na alipopata kichefuchefu alikuwa anakula mofini, ambayo ndiyo iliyokuwa inaongeza kichefuchefu chenyewe. "Juu ya hayo ukaacha kidonge kikubwa ghafla, bila kuniambia. Nako kuacha ghafla kunavuruga mwili. Mzee, umejishonea suti nzima."

"Kwa hiyo si mofini iliyonitia wazimu?"

"Mofini uliisingizia. Mwenye kosa ulikuwa unamwita mwenyewe, kila ulipoumwa."

"Mimi nilisema tangu mwanzo," shemeji akaanza.

"Ulisema nini?" dada yake akamgeukia.

"Nilisema... kuna kitu."

Hapo ndipo sista alipocheka, na wote wakacheka, na Mkasi mwenyewe akacheka, japo mguu ulikuwa bado unakwenda.

Daktari, kwa simu, akasema ile ya kichefuchefu ikome leo, atapewa ya aina nyingine. Akaongeza kidonge cha kuutuliza mwili kwa siku chache, na kile kikubwa cha mofini akaeleza kirudi vipi, maana hakirudishwi kwa pupa. Mkasi akauliza swali moja tu. Mpaka siku ya mashine, mguu utakuwa umenyamaza?

"Wengi hutulia kwa siku chache," sista akasema. "Siwezi kukuapia."

"Niapie kidogo."

"Siapi hata kidogo. Pakiti, mzee. Kila dawa kwenye pakiti yake."

Alipoondoka, mama watoto alichukua sindano na uzi mweusi, akakaa, akafunga midomo yote ya mifuko upande wa mistari. Yeye si fundi. Mishono ilipanda, ikashuka, ikapotea, ikarudi. Mkasi alisimama nyuma yake, akavumilia, akavumilia, akashindwa.

"Mshono wako unapanda mlima."

"Utauvaa hivyohivyo, ukumbuke."

Na akauvaa.

Siku zilizofuata hazikuwa za hadithi nzuri. Sisimizi hawakuondoka kwa pamoja. Waliondoka kama wageni wa harusi, mmoja mmoja, wengine wamekaa hata baada ya viti kukusanywa. Asubuhi moja Mkasi alikaa mpaka chai ikaisha. Siku iliyofuata hakuweza. Mdomo mkavu, tumbo limefunga, sista anauliza habari za choo kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mama watoto akawa anauangalia mguu ule kila saa, akijifanya anaangalia sakafu, na Mkasi akiuona ukicheza anaufunika kwa kitambaa ili mwenzake asiuone. Wote wawili walijua kila mmoja anajua.

Wakaenda. Shemeji akaendesha bila kutoa maoni hata moja, jambo lililowatia hofu kuliko yote.

Kitanda kilekile, baridi ileile. Bwana wa mashine akauchora upya kwenye nyonga mstari wa kulengea mionzi, na Mkasi akamwangalia kifuani.

"Kifungo hujashona."

"Sina muda, mzee."

"Nikitoka hapa nimetulia, uje nikushonee. Nikishindwa, tembea hivyohivyo."

Mlango ukafungwa. Mashine ikaanza kuunguruma kidogo. Mkasi akakaza macho kwenye dari, na palepale, chini kabisa, akasikia kidole gumba cha mguu wa kulia kinataka kusema neno. Si kile kizibao tena. Hii ilikuwa hofu yake mwenyewe, na hofu haina mfuko wa kuishonea mdomo. Akafanya anachokijua. Akashona. Kichwani, bila mkono kusogea, akalichukua lile koti jeupe, akatunga uzi kwenye sindano, akatafuta kifungo kinachofanana, akapitisha sindano chini, juu, chini, juu, akazungusha uzi kwenye shina la kifungo, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. Koti likaisha na mashine bado inaunguruma, akaanza kukaza vifungo vingine vyote, maana fundi ni fundi, viwili vilikuwa vimelegea.

Sauti ikatoka ukutani. "Mzee."

"Nimefanya nini tena?"

"Umemaliza."

"Nani kamaliza?"

"Wewe. Amka taratibu."

Alitoka kwa fimbo, nyonga inauma vilevile; walishamwambia nafuu haiji siku hiyo, itachukua wiki kadhaa, na huenda ikauma zaidi kidogo kabla ya kupoa. Kwenye ukumbi shemeji alikuwa amelala amekaa, mdomo wazi. Lakini mama watoto hakuwa amekaa. Alikuwa anakwenda mpaka dirishani na kurudi, kwenda na kurudi, kizibao mikononi, anakizungusha, anakipekua, anakikunja.

Mkasi akamtazama kidogo kabla hajamwita.

"Mama watoto, umekula cha mfuko gani?"

Akageuka. Akamwangalia mguu. Mguu ulikuwa umesimama.

"Umetulia?"

"Nilimshonea yule bwana kifungo. Njoo ukae."

Mkasi akajishusha kwenye benchi la ukumbi, kwa uangalifu, upande wa kushoto kwanza, akaguna kidogo, akakaa. Akapiga benchi kando yake kwa kiganja. Mkewe akakaa, akafuta uso kwa kile kizibao, kisha akampa avae. Mkasi akaingiza mkono mmoja, akasita, akakitazama.

"Na umekigeuza," akasema.

Akakivua, wakakigeuza pamoja.